Nilianza na "eskwela"

Ijumaa iliyopita, saa tatu za asubuhi, nilikuwa napiga pasi sare yangu kabla ya zamu ya mchana, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka Bohol, Ufilipino. Manang, mwenzangu wa zamani kazini, analia na kucheka kwa pamoja, na nyuma yake kuna mtu anaimba karaoke vibaya kuliko mie. "Nakagradwar na gyud siya, Day!" Kahitimu kweli, dada! Kisha sauti ikashuka, akasema pole pole, kwa lugha ya kwao: "Gipaeskwela nako akong anak."

Nikaizima pasi nikakaa kitako.

Kwa Kiswahili ni maneno mawili tu: nimemsomesha mwanangu. Lakini mie nilifanya kazi na Manang, najua kilichomo ndani ya lile "gipaeskwela". Imo miaka kumi na moja ya mashuka ya hoteli hapa Maskati. Zimo Krismasi alizoziangalia kwenye kioo cha simu, na mazishi ya babake ambayo hakuyawahi. Miaka mitatu nyuma ningelisikia kelele tu. Safari hii maneno yaliingia moja kwa moja, sikutafsiri hata moja kichwani. Nilijiona mtu, nasema kweli.

Siku mbili baadaye dada mmoja aliyeko Doha akaniandikia: "Da, nimehifadhi maneno mia tano ya Kifilipino kwa programu ya simu na wenzangu kazini bado wananicheka. Wewe uliwezaje?" Najua anachokitaka, kwa sababu sote tuliotoka makwetu tunakitaka hicho hicho. Hakuna aliyekuja Ghuba akunje taulo mpaka uzeeni. Basi dada, kaa nikuhadithie.

Programu ya simu nilianza nayo na mie. Ikanifundisha "Magandang umaga", ikanifundisha kuwa skuli ni "paaralan". Nikajipiga kifua. Chumba chetu cha dobi kilikuwa na watu kumi na nne, tisa kati yao Wafilipino, nikaona asubuhi hiyo ndiyo ya kuwateka. Nikaingia na salamu zangu, nikaongeza na sentensi kuhusu mtoto wa dada yangu na paaralan yake. Kimya. Mashine zinazunguka tu. Kisha mmoja, bila kuinua macho kwenye foronya, akasema: "Dili mi Tagalog, Day." Sisi si Watagalogi, dada. Wengine wakacheka.

Ile programu inafundisha Kifilipino kilichojengwa juu ya Kitagalogi cha Manila. Wale tisa walikuwa watu wa Cebu, Bohol, Negros na Davao, na lugha yao ni nyengine kabisa. Vitabuni inaitwa Kisebuano, wenyewe wanaiita Bisaya, na wanaoizungumza ni kama watu milioni 20. Ni sawasawa na mtu afike Pemba na Kiswahili cha vijana wa Nairobi halafu ategemee apewe siri za nyumba. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujapakua chochote: muulize mwenzako kwao ni wapi na mama yake anazungumza nini. Si jina la nchi kwenye pasipoti. Mama yake.

Manang ndiye aliyenihurumia. "Manang" si jina, ni heshima ya dada mkubwa, kama sisi tunavyosema dada kwa mtu hata hatuna udugu naye. Wakati wa chai akaniambia: "Sa amo, eskwelahan." Kwetu sisi ni eskwelahan. Neno moja tu. Nikaenda nalo chumbani kama mtu aliyeokota pete.

Na ni pete kweli. "Eskwela" wameipata kwa Wahispania, waliokaa kule zaidi ya miaka mia tatu, kwao ni "escuela". Mie Mzanzibari nasema skuli, nimeipata kwa Mwingereza. Mwenzangu wa chumbani anatoka Moshi, yeye anasema shule, na hiyo ni ya Mjerumani. Ukizifuatilia zote tatu unafika Kilatini, "schola", na nyuma yake Kigiriki, ambako maana ya asili ilikuwa wasaa, muda wa kupumzika. Mwambie hivyo mtoto anayesubiri matokeo ya kidato cha nne! Lakini angalia wanawake watatu wamekaa juu ya ndoo Maskati, kila mmoja ana neno lake la skuli, na yote matatu ni ndugu. Tangu siku ile nikaacha kuwaona wale watu wageni. Dobini kwetu waligeuka ndugu kila kitu: sabuni kwao ni "sabon", meza ni "lamesa", bendera ni "bandera". Sisi meza na bendera tumezichukua kwa Mreno, wao kwa Mhispania jirani yake. Mreno yule Magellan, aliyeuliwa Mactan mbele ya Cebu mwaka 1521, mwaka 1505 alikuwa kwenye msafara wa meli za Kireno zilizoipiga Kilwa na Mombasa. Wenzetu walimmaliza. Nilipomwambia Manang hilo alinipa nusu ya samaki wake mkavu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wa programu wanapopotea. Usihifadhi neno. Lishike neno moja uulize lina watoto gani.

Manang alikuwa mwalimu kwao kabla ya kuja Ghuba. Siku moja akawa anasimulia "akong mga eskwela", mara mga eskwela hivi, mara vile. "Mga" ni alama ya wingi, nilishaijua. Nikapiga hesabu: eskwela zangu, yaani skuli zangu. Nikamwendea wa Moshi mbio, nikamwambia huyu mama ana skuli kadhaa kwao, anafua mashuka kwa raha zake tu! Tukamheshimu wiki nzima. Mpaka nikajitia ujasiri nikamuuliza ni skuli ngapi. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Eskwela" ni mwanafunzi pia. Mga eskwela ni wanafunzi wake. Jengo ni eskwelahan, ndiyo maana ya ule mkia "-an", unapafanya mahali. Na ukisema "nag-eskwela" unasema mtu anasoma, yuko masomoni. Ukitia "pa-" mbele linageuka kusomesha, kumlipia mtu mpaka amalize.

Mkia ule ukanifungulia nyumba nzima. "Higda" ni kulala chali au ubavu, "higdaanan" ni kitanda. "Lingkod" ni kukaa, "lingkuranan" ni kiti. Lakini kabla sijajua hayo niliaibika tena. Jumapili moja Manang kavaa gauni zuri, kajitia manukato, namuuliza anakwenda wapi, ananijibu "Mosimba ko." Nikacheka kama mwendawazimu. Simba? Wapi simba? Nikanguruma! Mama wa watu akanikazia macho, akatoka bila kuniaga. Kumbe "simba" ni kuabudu, na "simbahan" ni kanisa. Nilimcheka mtu anakwenda kwa Mola wake. Nilimngoja mchana kutwa mlangoni nimtake radhi, na maneno ya radhi nilikuwa sinayo kwa lugha yake, nikamkatia embe.

Liko na neno rasmi la skuli, "tulunghaan", kutokana na "tungha", kuhudhuria. Nililitumia mara moja dobini wakaniuliza kama nagombea umeya. Liache kwa wenye hotuba.

Ninalolipenda kuliko yote ni "tudlo". Ni kidole. Na ni kuonyesha kwa kidole. Na ni kufundisha. Mwalimu ni "magtutudlo". Manang aliponieleza hayo nilimuona mwalimu wangu wa chuoni, chuo cha Kurani, juzuu iko mapajani, kidole chake chini ya alifu, na sisi watoto tunayumba mbele nyuma. Kwetu pia kusoma kulianza na kidole. Hata "chuo" zamani kilikuwa kitabu, baadaye kikawa pahala panaposomwa kitabu, na leo kijana akisema yuko chuo anakusudia shahada. Maneno ya skuli yana tabia ya kuhama nyumba. Usiyaendee na kalamu ya kupiga tiki na kosa.

Wala tahajia isikusumbue. Utaona "eskwela", utaona "eskuyla", na kwenye kamusi kubwa ya John Wolff ya mwaka 1972 limeandikwa "iskuyla", kwa sababu kamusi ile inatumia irabu tatu tu. Midomoni mwa watu "e" na "i" zinabadilishana zamu. Wewe fuata mdomo wa aliye mbele yako.

Manang aliniambia alipokuwa mdogo, ukiteleza darasani ukasema Bisaya unatozwa senti. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 2013, lugha za nyumbani zikawekwa kufundishia kuanzia chekechea hadi darasa la tatu, na mtoto wake mdogo akaanza kusoma kwa lugha ya mamake. Mwaka 2024 sheria nyengine ikaliondoa hilo. Alinipa habari hizo huku anakunja shuka, kona kwa kona, kwa nguvu kuliko shuka lilivyohitaji. Na mie nikakumbuka skuli yetu, mwalimu anamaliza somo zima kwa Kiingereza, anauliza "mumefahamu?", sote tunaitikia ndiyo, na hakuna aliyefahamu.

Nitalisema na hili, liko rohoni. Skuli niliiachia kidato cha pili. Pesa zilikuwa za mtoto mmoja, na mtoto huyo hakuwa mimi. Sina kinyongo, nasema hivyo kila mara, na kila mara nikisema najisikia nasema uwongo. Kwa hiyo nilipoanza kufurahi na Kibisaya changu nikampigia mtu wa karibu yangu nyumbani, nikamsomea sentensi. Akaniuliza: "Umekwenda Arabuni kujifunza lugha ya mayaya?" Akacheka, akanipa mtu mwengine simu.

Sikumpigia tena miezi minne. Nilikuwa chooni usiku narudia nag-eskwela, nagpaeskwela, gipaeskwela, sauti chini nisiwaamshe wenzangu.

Mwaka jana ilitafutwa nafasi ya msimamizi wa zamu ya usiku. Tuliomba watatu. Mmoja ana shahada, na kila mtu alishaijua shahada ile maana hakuacha kuitaja. Meneja akatupeleka dobini, akatwambia tupange kazi ya usiku na watu waliopo. Mwenye shahada akatoa karatasi. Mie nikatoa salamu, nikamuuliza mama mmoja wa Dumaguete kama mwanawe amerudi eskwelahan baada ya homa, tukapanga kazi dakika kumi. Leo funguo za dobi ziko mfukoni mwangu, na mshahara umepanda wa kutosha kumlipia ada mtoto wa dada yangu. Ndiyo, dada yule yule aliyesomeshwa. Nimeyaandika nikijua atayasoma.

Kwa hiyo dada wa Doha, maneno mia tano si kitu. Wewe unakusanya vifungo, nguo huna. Chukua neno moja, jengo analosomea mtoto wa mwenzako, uliza nani anamlipia, uliza mwalimu anaitwaje, uliza walikuwa wanakula nini mapumziko. Kila jibu lina neno ndani yake. Na ukosee. Ukosee mbele za watu wakucheke, kwani kicheko kinatoza nini? Watu wetu wengi wanakaa Ghuba miaka kumi wanarudi na Kiarabu cha sokoni na Kiingereza cha "yes madam", kisha wanalalamika hawapandi cheo. Hupandi kwa sababu unaogopa kuchekwa. Nisamehe, lakini ni hivyo. Wamanga wa hapa wenye asili ya Unguja wananisahihisha Kiswahili changu mwenyewe na sijafa.

Ijumaa ile, baada ya kukaa kitako, nilimrekodia Manang jibu. Nilijaribu mara sita. Nikampongeza, nikamwombea mtoto kazi nzuri, nikamaliza kwa kumwambia kuwa yeye ndiye magtutudlo wangu. Nilikuwa na uhakika na kila neno. Baada ya dakika moja akanirudishia sauti. Kwanza alinisahihisha vokali moja, akaitamka mara tatu kama anavyowafanyia watoto. Kisha nikasikia karaoke, kisha kicheko chake kile cha kushika ukuta.

"Eskwela pa gihapon ka, Day."

Ungali mwanafunzi. Nikawasha pasi.