Usimwandikie "Mkoa wa Songwe" mtu aliyezaliwa 1948

Katika programu za kutunza kumbukumbu za ukoo, kisanduku cha mahali ndicho watu hukijaza haraka kuliko vyote. Tarehe huzua ubishi, majina ya watu yana tahajia tano tano, lakini mahali? Si unaandika tu kwao? Kwangu mimi hapo ndipo kazi nzuri za ukoo zinapoharibika kimyakimya, hasa kwetu sisi ambao mipaka imechorwa, ikafutwa na kuchorwa tena ndani ya umri wa mzee mmoja.

Chukua kwetu Undali, kwenye ile milima inayopakana na Malawi. Aliyezaliwa huko 1910 alizaliwa chini ya boma la Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Aliyezaliwa 1948 ni mtu wa Wilaya ya Rungwe, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, Tanganyika. Wa 1968 ni Rungwe pia, ila Mkoa wa Mbeya, Tanzania. Wa 1990 ni Wilaya ya Ileje, Mbeya. Mjukuu wa 2018 ni Ileje, Mkoa wa Songwe, kwa sababu mkoa huo ulianzishwa 2016. Bonde ni lilelile, na huenda hata nyumba ni ileile.

Ninavyofanya ni hivi: naandika mahali kama palivyoitwa siku ya tukio. Najua wapo wanaopendelea majina ya leo tu, ili vijana waelewe na ramani ikubali. Nawaelewa, lakini kumbukumbu hazikuhamishwa pamoja na mipaka. Majalada ya wakoloni wa Kiingereza yaliyoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yamepangwa kwa majimbo na wilaya za wakati ule. Za wamisionari wa Kanisa la Moravian, walioanza kazi Rungwe 1891, sehemu yake iko Herrnhut, Ujerumani, na huko hakuna atakayekuelewa ukiuliza habari za mwaka 1910 za Mkoa wa Songwe. Ukiandika Songwe tupu kwa mzee wa 1948, umemwelekeza mjukuu Vwawa, makao makuu ya mkoa wa leo, wakati karatasi za babu yake ziliandikwa Tukuyu.

Mimi natumia Gramps. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na kwa jambo hili sijaona inayoizidi. Kila mahali pana kumbukumbu yake. Kijiji unakiingiza mara moja tu, kisha unakiambatanisha na kilichokizunguka ukiweka na tarehe: kijiji kimo ndani ya Rungwe tangu lini hadi lini, halafu ndani ya Ileje. Ileje nayo imo ndani ya Mbeya mpaka 2016, kisha Songwe. Ukimaliza hapo, tukio la 1948 litajiandikia Rungwe lenyewe na la 2018 litajiandikia Songwe. Kazi ni ya jioni moja, nayo inachosha, lakini ndugu wote wa bonde hilo watakaofuata hawatakuhitaji uirudie. Majina ya zamani pia yana nafasi yao, na tarehe zake: Tukuyu inabeba Neu Langenburg, Lushoto inabeba Wilhelmstal.

Kama programu yako ina mstari mmoja tu wa mahali, anza na kidogo uende kwenye kikubwa, ukitenga kwa mkato: kitongoji, kijiji, wilaya, mkoa, nchi. Na usione uvivu kuandika neno "Wilaya ya" au "Mkoa wa". Songwe ni mkoa, ni wilaya, ni mto unaotutenganisha na Malawi, ni mto mwingine unaomwaga Ziwa Rukwa, na ni uwanja wa ndege ambao wenyewe uko Mkoa wa Mbeya! Kwa hiyo programu ikianza kukupendekezea majina, usibonyeze la kwanza. Wenye ndugu Majengo wananielewa. Kuna Majengo ya Moshi, ya Dodoma, ya Mombasa, na ya Nairobi pia.

Mtihani mkubwa kwa familia nyingi za Tanzania ni vijiji vilivyohama. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwatoa watu milimani na mabondeni ikawapanga kando ya barabara. Pengine jina la kijiji lilihama nao, pengine walipewa jipya, na pengine vijiji vitatu vilivunjwa vikawa kimoja. Upande wa mama, kule Mbozi, kijiji cha sasa kina jina la zamani lakini kaburi la babu liko mahame, mwendo mzuri wa miguu, mahali ambapo leo pana mawe ya kusagia na mibuni iliyogeuka pori. Hapo sikubali kutumia kumbukumbu moja. Naweka mbili: ya kijiji cha zamani na ya kijiji cha sasa, kila moja na maelezo yake, kisha naeleza kwamba watu wa hapa ndio wa pale. Nenda na mzee anayepafahamu, simama juu ya mahame, chukua latitudo na longitudo kwa simu. Mkoa unaweza kuulizia hata miaka kumi ijayo, lakini mzee anayeyajua mahame hatakusubiri.

Ukiingiza namba hizo, angalia alama ya kusini. Undali ni kama nyuzi 9.4 kusini na 33.4 mashariki. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya 9.4, ukoo mzima unahamia Sudan Kusini. Programu haitalalamika.

Halafu kuna mahali ambapo hapakuwa mahali bali mtu. Stakabadhi za zamani za kodi ya kichwa, na hata wazee wakisimulia, hutaja chifu au jumbe: "tulikuwa kwa fulani." Machifu waliondolewa madaraka yao ya kiserikali 1963, kwa hiyo ramani za leo hazina eneo hilo. Gramps inakuruhusu kubuni aina yako ya mahali. Mimi nimeweka "eneo la chifu" nikalitia kati ya kijiji na wilaya. Ukikosa nafasi hiyo, liandike kwenye maelezo, ila usiligeuze kuwa kata. Kata ni kitu kingine kabisa.

Waliokwenda Wenela, yaani walioajiriwa kwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini, na waliokwenda kwenye migodi ya shaba nao wana yao. Mtoto aliyezaliwa Kitwe 1957 alizaliwa Rhodesia ya Kaskazini; Zambia ilipatikana Oktoba 1964. Miaka ile palikuwa pia na Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, 1953 hadi 1963, na sioni haja ya kulisukumiza kwenye mnyororo wa mahali, ule wa kijiji ndani ya wilaya, wilaya ndani ya mkoa. Maelezo mafupi yanatosha. Lakini Fort Hill ukiikuta kwenye barua, jua ni Chitipa, ng'ambo tu ya mto. Elisabethville ni Lubumbashi, Broken Hill ni Kabwe, Abercorn ni Mbala.

Tahajia ya karatasi yenyewe, iache kwenye chanzo. Mjerumani aliandika Muansa, Moschi, Aruscha, Udjidji. Kwenye cheti cha ubatizo nakili herufi kwa herufi, hata kama mwandishi kachapia. Kwenye kisanduku cha mahali tumia tahajia moja uliyoichagua, au utajikuta na kijiji kimoja mara nne.

Ukifika wakati wa kumtumia binamu aliye na programu nyingine, faili la GEDCOM, lile la kuhamishia kumbukumbu za ukoo kutoka programu moja kwenda nyingine, kwa kawaida huugeuza mnyororo wako wote kuwa mstari mmoja wenye mikato, na majina mbadala yanaweza kudondoka njiani. Mtumie kwanza tawi dogo la watu wachache, mpigie akusomee anachokiona. Faili la Gramps lenyewe, lenye kila kitu, libaki kwako na nakala yake kwa ndugu mwingine wa mji tofauti.