Masundosundo Makubwa na Hofu ya Saratani

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Temeke. Masundosundo yaliyoanza kama vipele ukeni sasa yameungana na hutoa damu nikikaa. Je, ni saratani? Dawa ya kupaka niliyonunua dukani imenichubua tu.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Masundosundo mengi husababishwa na virusi vya HPV (virusi vya papiloma, vinavyoambukizwa hasa kwa kujamiiana) aina ya 6 na 11, ambavyo ni nadra kuleta saratani. Aina ya 16 na 18 ndizo zinazoongoza kwa saratani ya mlango wa kizazi, na mtu anaweza kuwa nazo zote kwa pamoja. Hata hivyo, uvimbe mkubwa unaotoa damu haufai kusubiriwa, kwa kuwa saratani huweza kujificha ndani yake, na ndiyo maana daktari hukata kinyama kidogo kikapimwe maabara kabla ya kuamua tiba. Acha hiyo dawa leo. Kwa ukubwa huo tiba huwa ni upasuaji, nawe usivunjike moyo yakirudi, kwani virusi huweza kubaki kwenye ngozi ya jirani. Nenda kliniki ya magonjwa ya wanawake, Muhimbili kwa mfano, upime pia VVU na mlango wa kizazi. Ikiwa una ujauzito, sema mapema, maana baadhi ya dawa za kupaka humdhuru mtoto tumboni.