Kuingia Kwaya na Kikundi cha Maigizo Chuoni Wakati Husomei Sanaa

Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 kuanza shahada ya uhandisi wa ujenzi, nilikuwa nimeimba kwaya tangu shule ya msingi, na nilikuwa nimeigiza mara moja tu, kwenye mahafali ya kidato cha nne. Jioni nilipopita karibu na idara ya sanaa na kusikia ngoma pamoja na watu wakipasha sauti, nilijiambia kwamba pale pana wenyewe. Muhula mzima ukapita kabla sijathubutu kuingia. Ninaandika kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi, sayansi na biashara ambao huniuliza kila mwaka kama inawezekana kujiunga na vikundi hivi pasipo kusomea sanaa na pasipo kuharibu masomo. Inawezekana kabisa, lakini ipo namna ya kuingia, nami niliijua baada ya kukosea.

Kwanza, ondoa hofu ya kuonekana mgeni, kwa sababu maigizo ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki yalianzishwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawakuwa wakisomea maigizo. Mnamo Novemba 1962, wanafunzi wa Makerere walipopanda jukwaa la Uganda National Theatre mjini Kampala kuigiza tamthilia iliyoandikwa na mwenzao Ngũgĩ wa Thiong'o, yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Kiingereza, na Makerere haikuwa bado na idara ya maigizo. Baadaye, katika miaka hiyohiyo ya 1960, wanafunzi wa chuo hicho walizunguka na maonyesho yasiyo na kiingilio, wakiwachezea watu wa kawaida kwa lugha kadhaa. Hapa Dar es Salaam masomo ya sanaa za maonyesho yalianza mwaka 1967, na nchini Kenya tamasha za kitaifa za muziki na za maigizo zina nafasi za vyuo vikuu, ambako daktari mtarajiwa husimama mstari mmoja na mwalimu mtarajiwa wa muziki. Kwa hiyo unapobisha hodi huombi upendeleo. Unaingia katika desturi ya zamani kuliko idara zenyewe.

Hata hivyo, idara zilipokuja zilibadilisha jambo moja ambalo wengi wetu hatulifikirii. Kwa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, igizo lile unalolifuata kwa mapenzi ni kazi ya darasani. Mwongozaji kijana anayekuita mazoezini saa kumi na mbili jioni huenda anatathminiwa na wahadhiri wake kwa onyesho hilo hilo, na wewe ukikosa kutokea, yeye ndiye atakayekosa alama. Wakati wangu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wakitafuta waigizaji na wasaidizi kutoka kozi yoyote, kwa kuwa wenzao wa darasani walikuwa na maonyesho yao ya kushughulikia. Tulipokelewa kwa furaha ya kweli, ile ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini niliwaona pia wageni waliokuja wiki tatu, wakapewa sehemu kubwa kwa sababu ya sauti nzuri au umbo la kuvutia, kisha wakatoweka siku za majaribio ya masomo zilipokaribia. Nilimwona mwongozaji mmoja akikaa peke yake kwenye ngazi baada ya mazoezi, mswada ukiwa mapajani, akifuta kwa penseli majina ya watu watatu. Tangu siku ile naamini kwamba asiyesomea sanaa anapaswa kuahidi kidogo sana, na hicho kidogo akitimize chote.

Ndiyo maana swali lako la kwanza liwe tarehe ya onyesho, kabla hujauliza igizo linahusu nini wala utapewa sehemu gani. Iweke tarehe hiyo kando ya ratiba yako ya majaribio na ya mitihani ya mwisho wa muhula. Zikigongana, sema palepale kwamba awamu hii huwezi kuigiza ila unaweza kusaidia kazi nyingine, na utashangaa kuona mwongozaji anavyopumua. Mimi nilimpa mwongozaji wangu nakala ya ratiba yangu ya wiki, nikiwa nimezungushia wino mwekundu saa za maabara ambazo hazihamishiki. Aliibandika ukutani, akapanga mazoezi kwa kuzikwepa saa hizo, na katika miezi miwili sikuwahi kumwomba ruhusa hata mara moja.

Omba kazi, usiombe nafasi ya mbele. Mimi nilianza kwa kutunza maleba na vifaa vya jukwaani, na nasema bila kusita kwamba sikujifunza maigizo mahali pengine popote kama pale pembeni, nyuma ya pazia, nikiwa na ungo mkononi nikisubiri zamu ya kumkabidhi mwigizaji. Mtu anayetunza vifaa husikia kila neno la igizo mara thelathini. Huanza kujua ni wapi watazamaji watacheka, na ni wapi mwigizaji anavuta pumzi kabla ya sentensi ngumu. Usiku wa onyesho letu la kwanza nilipeleka kinu jukwaani nikasahau mchi. Niligundua taa zilipokuwa zimekwisha kuwaka, dada aliyeigiza kama mama mwenye nyumba akitembea kukiendea kinu, na mimi sina pa kupita. Alikitazama kinu, akainama, akaokota ungo uliokuwa kando yake, akaanza kupepeta huku akiendelea na maneno yake kwa mwendo uleule, hata mikono yake ikaufuata mdundo wa sentensi. Hakuna mtazamaji aliyejua. Nilipomwendea baadaye kumwomba radhi aliniambia tu kwamba kesho niandike orodha. Niliiandika, nikaigandisha kwenye mlango wa kuingilia jukwaani, nikawa natia alama mbele ya kila kifaa kabla hakijaondoka mkononi mwangu. Usiku ule nilielewa tofauti kati ya mtu aliyefundishwa kazi hii na mimi, na heshima niliyonayo kwa wanaoisomea ilianzia hapo.

Kwaya ni jambo jingine, na kwa mwanafunzi wa kozi nzito mara nyingi ndiyo mlango mwepesi zaidi. Sehemu kubwa ya kwaya za vyuoni kwetu hulelewa na jumuiya za wanafunzi wa madhehebu mbalimbali, na wanafunzi Waislamu wana kaswida zao. Humo hakuna anayeuliza unasoma nini. Unachoulizwa ni imani, na hapo ninashauri uaminifu: ukiwa huna nia ya kushiriki ibada, usijiunge kwa ajili ya muziki pekee, kwa sababu wenzako wanapoimba wanasali. Utaulizwa pia unaimba sauti ya ngapi, kuanzia ya kwanza iliyo juu hadi besi iliyo chini. Kama hujui, sema hujui. Mwalimu wa kwaya atakupandisha na kukushusha kwenye kinanda kwa dakika mbili, kisha atakuelekeza pa kukaa.

Mimi niliwekwa sauti ya pili, ambayo ni ngumu kwa mgeni kwa sababu haina wimbo unaoweza kuupiga mluzi ukiwa njiani. Kuna ubeti tuliouimba ambamo sauti ya kwanza ilipanda ngazi kwa ngazi hadi juu, na sisi tulipaswa kubaki kwenye nota ya "so" ileile kwa mapigo manane. Kila tulipofika pale nilivutwa, nikapanda nao pasipo kujijua. Dada aliyekaa kulia kwangu, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu, aliniegemea, akaniambia nisiisikilize tena sauti ya kwanza, nitege sikio kwa besi nyuma yetu, kwa kuwa besi ndiyo iliyokuwa imeishikilia nyumba. Nilifanya hivyo, na "so" yangu ikatulia kama nguzo. Alinifundisha pia kunakili nota za sol-fa kwa mkono wangu badala ya kupiga picha za daftari lake, nikiziandika herufi moja moja, d, r, m, pamoja na nukta na mistari ya mapigo. Inachosha, lakini kilichopita mkononi hubaki sikioni. Kaa karibu na mtu mwenye uhakika, uimbe kwa sauti ndogo kuliko yake kwa mwezi mmoja. Hilo ndilo darasa lenyewe.

Kosa langu kubwa lilikuja mwaka wa pili. Kwa kuwa mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, nilikubali igizo na kwaya katika muhula mmoja, na kwaya ilikuwa ikijiandaa kurekodi. Kwetu alama 40 zilitoka kwenye kazi za muhula na 60 kwenye mtihani wa mwisho, nami nilijidanganya kwamba 60 zile zitafidia. Nilifanya jaribio la mekanika ya miundo nikiwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu, na muhula ulipokwisha nikalazimika kurudi kufanya sapu, yaani mtihani wa marudio, wenzangu wakiwa likizo. Sikulaumu kikundi chochote, kwa kuwa hakuna aliyenishurutisha. Tangu hapo nilijiwekea utaratibu wa kikundi kimoja kwa muhula, na wiki tatu kabla ya mitihani niliacha kila kitu isipokuwa kuimba siku ya ibada. Nilipowaeleza viongozi mapema hawakukasirika. Kinachowakasirisha ni kusubiri mtu ambaye simu yake haipokelewi.

Jambo la usafiri limewatoa watu wengi kwenye vikundi kuliko ukosefu wa kipaji, na wasichana zaidi. Mimi niliishi hosteli za Mabibo, na mazoezi yalipomalizika saa nne usiku Mlimani, kwenye kampasi kuu, kupata daladala kupitia Ubungo kulikuwa mashaka. Usikae kimya kuhusu hili ukiona haya. Mwambie kiongozi siku ya kwanza mahali unapoishi na saa unayopaswa kuwa umeondoka, tena ulizeni ni wangapi mnaelekea upande mmoja. Tulikuwa watano wa Mabibo, tukakubaliana kwamba hakuna anayeondoka peke yake, na mwongozaji akawa anaanza na sehemu zetu ili saa mbili na nusu tuwe njiani. Michango nayo iulizie mapema. Sare za kwaya, kitenge na nauli za safari za mikoani hukusanywa kidogo kidogo, na ni vyema kujua jumla yake kabla fedha za mkopo hazijaisha.

Mwaka wa nne, nilipoanza mradi wangu wa kuhitimu, niliwaarifu wote mwezi wa Oktoba kwamba sitapanda tena jukwaani. Orodha ya vifaa nilimwachia kijana wa takwimu aliyekuja kuuliza kama kuna kazi yoyote ya kufanya. Daftari la nota nililimaliza kunakili nyimbo mbili zilizobaki, nikampa binti wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme aliyekuwa amewekwa kushoto kwangu na ambaye, kila tulipofika kwenye ile "so", alikuwa bado anapanda na sauti ya kwanza.