Maswali ya Wasomaji: Tangazo la Redio Linapoingia Darasani

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Ninafundisha Kiswahili Gredi ya 8 katika shule moja ya kisiwani Lamu. Muhula huu niliamua kufundisha lugha ya ushawishi kwa kutumia matangazo ya redio na mabango badala ya kutegemea kitabu peke yake. Wanafunzi walifurahi mno, wakaimba vibwagizo vya matangazo hadi darasa la jirani likalalamika, lakini nilipowapa insha niliona kwamba walichojifunza ni kuimba tu. Mwenzangu mmoja ananiambia kuwa ninawafanyia wafanyabiashara kazi yao bila malipo. Hatuna projekta, na intaneti yetu huja na kuondoka. Niendelee au niache?
Mwalimu wa Kiswahili, Lamu

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu mwenzangu. Endelea, ila badilisha mahali pa kuanzia.

Nami nililifundisha somo hili vibaya kwa miaka kadhaa. Nilikuwa nikiandika ubaoni orodha ya mbinu: takriri (kurudia maneno), chuku (kutia chumvi), swali la balagha (lisilongoja jibu), kumtumia mtu mashuhuri, kutia hofu. Wanafunzi waliinakili, wakaikariri na kupata alama nzuri. Wiki moja baadaye niligundua kwamba wavulana wa darasa hilohilo walikuwa wametuma ujumbe wa simu wa kulipia kwenye shindano la kushinda pikipiki, kila mmoja akiamini kuwa yeye ndiye “aliyechaguliwa”. Istilahi zote walizijua. Sentensi iliyowalia fedha hawakuitazama hata mara moja.

Kwa hiyo anza na sentensi. Kiswahili huficha ushawishi mwingi katika viambishi vidogo, na hapo ndipo mwalimu wa lugha ana jambo la kusema ambalo mwalimu wa biashara hana. Chukua neno “Twaweza”, ambalo kampuni ya simu ya Safaricom ililifanya kaulimbiu yake mwaka 2017. Liandike ubaoni peke yake, bila nembo wala rangi, kisha uulize: katika hiyo “tw-” yumo nani? Ni kampuni, ni mteja, au ni wote wawili? Wanafunzi wakibadilisha kiambishi wapate “Naweza”, watasikia majivuno ya muuzaji. Wakisema “Waweza”, watasikia nasaha ya mtu aliyesimama mbali. Lakini katika “Twaweza” mteja amekwisha kuingizwa ndani kabla hajaulizwa kama anataka kuingia. Kipindi cha dakika 40 kinaweza kumalizika kwa neno hilo moja, na hutakuwa umepoteza wakati.

Siku ya pili wape “Kazi iendelee”, iliyotumiwa na upande wa Rais Mwai Kibaki katika uchaguzi wa Kenya wa 2007 na kusikika tena Tanzania mwaka 2021. Anayekubali kwamba kazi iendelee amekubali pia, bila kuletewa hoja yoyote, kwamba kazi ilikuwa ikifanyika. Dai kubwa limepitishwa mlango wa uani huku msikilizaji akitazama mlango wa mbele. Ninapendekeza kaulimbiu za zamani kwa makusudi, kwa kuwa wanafunzi wako hawakuwa wamezaliwa mwaka 2007 na wanaweza kuzichambua bila hasira. Ukileta za chama kilichomo madarakani leo au za wapinzani wake, Jumatatu utawakuta wazazi mlangoni kwa mwalimu mkuu.

Baada ya hapo ingia katika maneno ya kujikinga, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa somo: “husaidia”, “hadi”, “kuanzia”. Sabuni inayosemwa kuwa “husaidia kuondoa madoa” haijaahidi kuondoa doa hata moja. Punguzo la “hadi asilimia 50” ni kweli tupu ikiwa kuna jozi moja ya ndara, pembeni mwa duka, iliyopunguzwa nusu ya bei, hata kama vitu vingine vyote vimepunguzwa shilingi kumi. Kisha kuna ile “vigezo na masharti kuzingatiwa”, ambayo redioni husomwa kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua, ilhali bei imesomwa polepole na kurudiwa. Waulize wanafunzi ni nani aliyeamua kwamba sentensi hii iende mbio na ile itembee.

Kuhusu kuimba, dawa yake ni kalamu. Wasikilize tangazo nyumbani au katika redio moja ya shule, kisha waliandike lote kwa mkono, neno kwa neno. Tangazo la sekunde 30 likivuliwa muziki, mara nyingi hubaki na maneno machache yanayoona haya kusimama peke yao. Halafu waambie wafute kila neno ambalo haliwezi kuthibitishwa, kama “bora”, “halisi” na “ya kisasa”, na wasome kilichobaki. Matangazo ya kamari nisingeyaleta hata kama mfano mbaya, kwa sababu kiitikio humkaa mtoto kichwani muda mrefu baada ya uchambuzi kusahauliwa.

Projekta huihitaji, kwa sababu Lamu ina maandishi ya ushawishi yanayotembea kwa miguu. Waombe wanafunzi walete kanga kutoka nyumbani, kwa ruhusa ya wenyewe. Pindo (ukingo wa kanga) na mji (sehemu yake ya katikati) wanavijua; wewe waelekeze kwenye jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Kanga iliyoandikwa “Hasidi hana sababu” imenunuliwa na nani, inavaliwa ikipita mlango wa nani, na inataka yule anayeisoma afanye nini? Aliyeivaa amesema jambo zito, lakini akishtakiwa atajibu kwamba alipenda rangi tu, na hakuna wa kumshinda. Kisha waonyeshe yale maandishi madogo, “K.H.E. – Mali ya Abdulla”, alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Nguo moja imebeba shawishi mbili, ya mwenye kuivaa na ya mwenye kuiuza, na anayelipia zote mbili ni mvaaji. Nimeona darasa zima likinyamaza kwa mfano huo, na mwalimu anayejua Gredi ya 8 ataelewa uzito wa ninachosema.

Usisahau pia suala la mlengwa. Mtoto anayesikia redioni tangazo la matairi ya gari, huku nje ya dirisha punda wakipita vichochoroni na mizigo ya mawe ya matumbawe, ataelewa upesi kwamba tangazo lile halikuandikwa kwa ajili yake. Mpe kazi ya kuligeuza liwe la mafundi wa mashua, na aliandike kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ambamo njia ni “ndia” na njaa ni “ndaa”. Atagundua kwamba lafudhi nayo hushawishi: muuzaji anayesema kama jirani yako huaminiwa kabla hajataja bei.

Mwambie na huyo mwenzako kwamba mji huu una historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1970 wafuasi wa wagombea uchaguzi hapa Lamu walitunga mashairi, yaliyojulikana kama kimondo, yakarekodiwa kwenye kaseti na kusikilizwa majumbani, na upande wa pili ukajibu kwa mashairi. Wazee wanaoyakumbuka bado wapo. Mwanafunzi anayemhoji babu yake kuhusu shairi lililombadilisha mawazo, au lililomkasirisha, atarudi na kitu ambacho kitabu cha kiada hakina.

Istilahi zije mwisho. Wakati huo ndipo utakapowaambia kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alizitaja katika kitabu chake njia tatu za kushawishi: sifa ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe, kwamba Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, aliandika ufafanuzi wa kitabu hicho kwa Kiarabu, na kwamba neno balagha, yaani ufasaha wa usemi, wanalolikuta katika “swali la balagha”, ni lilelile wanalolisikia kwa masheikh wao. Watapokea majina ya vitu ambavyo wamekwisha kuvishika mkononi.

Mwenzako, hata hivyo, ana nusu ya haki. Somo likiishia kwenye kutazama na kucheka, kweli umemfanyia muuzaji kazi. Liendeleze hadi wanafunzi watunge tangazo lao, tuseme la kuwashawishi watu wasitupe plastiki ufukweni, na mwanafunzi mwingine awahoji kama mteja mkaidi. Alama zitolewe kwa majibu ya mahojiano hayo zaidi kuliko kwa uzuri wa tangazo. Na kama mwalimu mkuu atauliza haya yanahusu nini, mwonyeshe Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010, kinacholitaka Bunge litunge sheria ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa na ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na yenye staha.

SWALI: Mwalimu, mwanangu amefundishwa shuleni mambo ya matangazo, na sasa nikimwambia asichelewe baharini kwa sababu maji yanajaa, ananijibu, “Mama, hapo unatumia mbinu ya hofu.” Nifanyeje?
Mama wa watoto wanne, Langoni

JIBU: Pole, Bi mkubwa, ingawa nakiri nimecheka. Mwanao amejifunza nusu ya kwanza ya somo. Amejua kutambua hofu, lakini hajafundishwa kuuliza kama hofu hiyo ina msingi na kama anayeitia anafaidika nayo. Siku nyingine akijibu hivyo, usimkaripie, mwambie, “Naam, natumia hofu. Sasa nenda ukaangalie maji yamefika ngazi ya ngapi, kisha uniambie kama nimekudanganya.” Halafu jioni, redio ikitangaza dawa inayotibu kila maradhi, muulize maswali hayohayo: inamtisha nani, kuna ushahidi gani, na nani atalipwa akiogopa? Akishaona tofauti kati yako na redio, atakutii zaidi kuliko zamani, au angalau atabishana nawe kwa hoja nzuri zaidi. Mbinu si dhambi kwa kuwa mbinu, na mwalimu wake angefanya vyema kulisema hilo waziwazi.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Tumeambiwa tuandike tangazo la kitu kinachouzwa nyumbani kwetu. Mama yangu huuza mahamri. Nimeandika kwamba ukila moja utasahau njaa kwa siku saba. Rafiki yangu anasema huo ni uongo na nitapunguziwa alama. Je, ni kweli?
Mwanafunzi wa Gredi ya 9, Mkomani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo ni chuku, wala si uongo, kwa sababu wewe unajua, mnunuzi anajua, na mama yako anajua kwamba hakuna atakayekaa siku saba bila kula. Wote mnacheka pamoja. Uongo ni pale ambapo msemaji anajua na msikilizaji hajui. Ukiandika kwamba mahamri yamepikwa alfajiri ya leo ilhali ni ya jana yaliyopashwa moto, hapo umedanganya, hata kama sentensi yako ni ya kawaida na haina pambo lolote. Ziache siku saba zako mahali pake. Ongeza tu bei, saa ambayo mama huepua karai la kwanza, na kama hutia iliki, maana tangazo lako lote halijataja hata kimoja kati ya hivyo, na mimi ningetaka kujua kabla ya kuteremka Mkomani.