Kura ya jimbo: ukihama nyumba, hamisha na anwani

Mwaka 2022 ndipo nilipopiga kura Marekani kwa mara ya kwanza, uchaguzi wa gavana wa Minnesota. Nilikuwa nimekula kiapo cha uraia na kujiandikisha mapema, nikadhani yamekwisha. Kumbe katikati hapo nilikuwa nimehama apatimenti. Nilitoka zamu ya usiku, nikapanga foleni, karani akapekua daftari na kuniambia kwa upole kwamba kituo changu si hapo tena.

Nilirudi kwenye gari nikiwa nimekata tamaa, nataka kulala tu. Dada mmoja Mkenya tunayefanya kazi pamoja akanizuia kwa simu: "Usilale! Nenda kituo cha mtaa unaoishi sasa, ubebe bili ya stima." Leseni yangu ilikuwa na anwani ya zamani, bili ya mwezi ule ilikuwa na mpya, na viwili hivyo vikatosha. Nilijiandikisha upya na kupiga kura palepale.

Nyumbani tumezoea kusafiri hadi kule tulikojiandikishia. Hapa kura hufuata kitanda chako. Nasi tunahama sana, kodi ikipanda tunahama, kazi ikibadilika tunahama, kwa hiyo hili ndilo linalotukwamisha kuliko yote. Kila ukihama, jiandikishe upya. Kwenye intaneti ni dakika chache, kwa namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za namba yako ya Social Security (hifadhi ya jamii), hadi siku 21 kabla ya uchaguzi. Ukichelewa, Minnesota inakuruhusu kujiandikisha siku yenyewe kituoni. Uwe raia, umefikisha miaka 18, na umeishi katika jimbo kwa siku 20.

Huna bili yenye jina lako kwa sababu unakaa kwa shangazi? Kuna kudhaminiwa. Mpiga kura aliyeandikishwa katika eneo lenu la kupigia kura anakuja nawe na kuapa kwamba unaishi hapo. Mtu mmoja anaweza kudhamini hadi watu wanane, ila aliyedhaminiwa siku hiyo hawezi kumdhamini mwingine. Na sisi tunaohudumia wazee, tusikilize vizuri: mfanyakazi wa makao ya wazee anaweza kuwadhamini wanaoishi humo, akionyesha uthibitisho wa kazi yake. Waulizeni wazee wenu mapema, wengi wanatamani kupiga kura na hakuna aliyewauliza.

Ila ndugu yangu mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), tafadhali, usijaze fomu ya mpiga kura hata ukiletewa na mtu unayemwamini. Ni kosa la jinai, na linaweza kukuharibia safari nzima ya uraia. Ngoja kiapo.

Watu huniambia, "Mimi hupiga kura ya rais tu." Chakula cha bure wanachokula watoto wetu shuleni kilitokana na sheria ya jimbo ya mwaka 2023, na wakati huo chama kilichoongoza Seneti ya jimbo kilikuwa na viti 34 dhidi ya 33. Mwaka 2024 kiti kimoja cha Bunge la jimbo, upande wa Shakopee, kiliamuliwa kwa tofauti ya kura zisizofika 20. Hizo ni familia chache za kanisa moja tu!

Gavana anachaguliwa tena tarehe 3 Novemba 2026. Kura za mapema huanza siku 46 kabla, na hilo huwafaa sana wa zamu mbili. Hata siku yenyewe, sheria inamtaka mwajiri akupe muda wa kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara. Kama Kiingereza kinakusumbua, ingia na mtu wa kukusomea kwa Kiswahili, mradi asiwe mwajiri wako wala mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi. Geuza karatasi ya kura pia, mara nyingi majaji, ambao nao huchaguliwa, wako upande wa nyuma.

Vituo hufungwa saa mbili usiku. Saa mbili ikikukuta umeshasimama kwenye foleni, usiondoke, utapiga kura yako.