Jibu: Klabu ya huduma, ni ya matajiri tu?

Ndugu, umeuliza kama Rotary na Lions, klabu za watu wanaojitolea kuhudumia jamii, ni za wakubwa wa Nairobi, na mwenye kiduka Mumias ataingia kufanya nini. Kati ya wale wanne walioanzisha Rotary huko Chicago mwaka 1905, mmoja alikuwa fundi cherehani. Kwa hiyo karibu.

Kazi yenyewe katika miji yetu midogo ni ya mikono kuliko suti. Chukua kulinda chemchemi ili maji yake yawe safi. Wenyeji huleta mawe, mchanga na jembe. Klabu hununua saruji na kumlipa fundi. Ukuta hujengwa, nyuma yake hujazwa mawe na kokoto, juu hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ili maji ya mvua yasipenye, na bomba huwekwa juu kiasi cha mtungi wa lita 20 kukaa chini yake. Usisahau ua wa kuzuia ng'ombe! Bila kamati ya wenyeji ya kuzibua mtaro wa kutoa maji yanayomwagika, mtarudi palepale.

Funza nao: kuloweka miguu kwenye dawa ile ya zambarau (potasiamu pamanganeti) ni nusu ya kazi, sakafu ya vumbi isipotengenezwa wanarudi. Lions wao wanajulikana zaidi kwa huduma za macho.

Mikutano? Mingine ni maneno mengi na chai iliyopoa, vumilia. Uliza ada mapema. Kama ni ghali, tafuteni watu kumi, mwone afisa wa maendeleo ya jamii, mjiandikishe kama kikundi chini ya sheria ya Kenya ya 2022 ya kusajili vikundi vya jamii.