Acheni Kusugua Pesa za Barghash

Pesa nyingine ya Barghash, sarafu ya shaba ya yule sultani wa Zanzibar, imeletwa mezani iking'aa kama sinia la harusi, na mwenyewe anatabasamu akisubiri apongezwe. Wadogo zetu mnaokusanya sarafu za kale na mihuri ya pasipoti, tunawapenda, lakini haya tumeyasema mpaka midomo imekauka. Sasa tunayaandika, ili mkisugua tena msiseme hamkuambiwa.

1. Usisugue.

Tukiri kwanza: mkongwe wa kazi hii ambaye hajawahi kusugua ni nadra kama riali ya Barghash. Ukwaju, ndimu na chumvi, majivu, dawa ya meno, soda nyeusi, hadi waya wa kusugulia masufuria, vyote vimepita mikononi mwetu. Ushahidi tumeuficha chini kabisa ya sanduku kwa sababu hauuziki na hautupiki. Ubaya wa kosa hili ni kwamba mwanzoni unajiona umefaulu. Unachukua pesa ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, yenye mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, unaitumbukiza kwenye maji ya ndimu. Dakika 10 tu, weusi umekwenda na shaba imetoka nyekundu kama kaa aliyechemshwa. Unaita watu waje waone. Baada ya mwezi ina mabaka ya kahawia yasiyolingana, na chini ya lenzi ya mara 10 uso wote una vishimo kama mkate wa kumimina.

Weusi ule haukuwa uchafu. Ulikuwa utandu: shaba yenyewe, iliyogeuka polepole kwa kukutana na hewa miaka 140, ikakaza na kuulinda uso wa chini yake. Asidi haijui kutenganisha uchafu na utandu. Inakula vyote, na inakula zaidi kwenye kingo za herufi, ambako wanunuzi wote wanaangalia kwanza. Utandu ukishaliwa, hakuna fundi wa kuurudisha. Wanaopaka rangi ya kuigiza utandu hujulikana, kwa sababu rangi yao hujaa kwenye mabonde na kupungua juu ya herufi.

Kwa sarafu za masultani wa kale wa Kilwa ni msiba zaidi. Ni vipande vidogo vya shaba, maandishi yake hayakuinuka sana, na hazina mwaka. Kinachomtambulisha sultani ni jina lake upande mmoja, likipatana vina, kama shairi, na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili. Zilizo nyingi ni za Ali bin al-Hasan. Sugua hadi herufi tatu zipotee, naye amekuwa kipande cha shaba kisicho na mwenyewe.

Kinachoruhusiwa ni hiki. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma lebo, maana chupa ya jirani yake ni asidi. Badilisha maji kila siku kwa wiki moja, kisha ondoa udongo uliolainika kwa kijiti cha mwanzi, kamwe si kwa sindano. Mafuta na gundi yaondoe kwa asetoni safi ndani ya glasi, dirisha wazi, mbali na moto. Dawa ya kutolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato, haifai. Kausha kwa kugusisha kitambaa, usipanguse. Na mafuta ya zeituni mliyoambiwa na mjomba waachieni wapishi, nayo yana asidi.

Jambo moja tu halisubiri: unga wa kijani kibichi uliopauka, unaobomoka kama chaki ukiguswa. Utandu mzuri wa kijani ni mgumu. Huu unga ni chumvi ya klorini inayokula shaba kila inapopata unyevu, na pwani unyevu hatununui. Itenge sarafu hiyo, iloweke kwa wiki kadhaa ukibadilisha maji, ikaushe kabisa, kisha ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, zile punje za kunyonya unyevu, unyevu uwe chini ya asilimia 40. Na vifuko laini vya plastiki vya PVC vitupeni leo. Vikizeeka hutoa utelezi wa kijani. Tumieni vya polista.

2. Pima kabla ya kupenda.

Mzani wa kusoma 0.01 g na kalipa ya kupimia upana ni bei ya sarafu moja bandia. Riali ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iwe karibu na 28.07 g, fedha safi sehemu 0.833 ya uzito huo, na usilipie umri kwa sababu umeona 1780. Malkia alifariki mwaka huo na mwaka ukagandishwa palepale; sarafu imeendelea kugongwa kwa karne mbili na zaidi. Rupia ya Wajerumani, ya enzi zao Afrika Mashariki, ni 11.66 g. Bandia iliyosubiwa kwenye kalibu huwa na uso wa sabuni na mstari wa kiungo ukingoni.

Herufi ndogo za kiwanda kwenye sarafu za Wajerumani msiziruke: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora. Hiyo T ina kisa. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamezibiwa njia ya baharini, fedha hakuna, wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Shaba nyeupe, yaani brasi, ya maganda ya risasi ikawa heller 20, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikawa rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, 7.168 g. Kabla ya 1904 rupia ilikuwa pesa 64, baadaye heller 100. Wajerumani wakaondoka, sisi tukabaki na pesa na hela mdomoni.

Senti 10 ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza wa miezi michache, si adimu, msiuze ng'ombe.

3. Andika ilikotoka, siku hiyohiyo.

Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Zikakaa koponi hadi 1979, ndipo 5 zikatambulika kuwa za Kilwa. Watafiti waliotaka kujua zilifikaje huko walibaki na kumbukumbu ya mzee na alama ya X kwenye ramani. Kikaratasi chenye tarehe, mahali, muuzaji na bei hakifiki hata nusu dakika.

4. Usinunue penye magofu.

Kijana anayekunong'oneza pembeni ya ukuta, iwe Kilwa Kisiwani au Efeso kule Uturuki, anauza kitu kimoja kati ya viwili. Ikiwa bandia, umeliwa. Ikiwa ya kweli, ni mali ya kale, na Tanzania ina sheria yake tangu 1964, Kenya ya 2006, Uturuki ya 1983. Forodha ya Uturuki haicheki na mtu.

5. Wa mihuri nanyi.

Pasipoti si albamu. Mihuri ya mapambo ya watalii ya Machu Picchu kule Peru, Ushuaia kule Argentina au Port Lockroy kule Antaktika igongwe kwenye daftari dogo. Ikiwa ndani ya pasipoti, afisa mkali anaweza kukuhesabia umeichafua na safari ikaishia kaunta. Muhuri wa Tristan da Cunha, kisiwa cha Waingereza katikati ya Atlantiki ya kusini, ni wa serikali, huo ni halali yako, na baada ya wiki nzima ya meli kutoka Cape Town umeutolea jasho. Mkiingia Abkhazia, jimbo lililojitenga na Georgia, kupitia Urusi, Georgia huhesabu ni kosa, na muhuri ndio shahidi. Wa Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa nje, mliokwisha kuupata utunzeni: 12 Oktoba 2025 mfumo wa kielektroniki ulianza kuchukua nafasi yake. Ukibadilisha pasipoti, piga picha kila ukurasa kwanza, kisha omba ya zamani urudishiwe ikiwa imetobolewa.

Na wino ukiwa mbichi weka karatasi ya shashi kabla ya kufunga kitabu. Muhuri uliojinakili ukurasa wa pili hautoki, hata kwa ndimu.